Mishubiri inayooza Nzuguni: jibu kwa msomaji mwenye ndoo sita na robo eka

Swali: Niko Nzuguni, Dodoma. Mwezi Machi nilinunua sokoni miche sita ya alovera nikaiotesha kwenye ndoo za plastiki barazani, na tangu hapo nimekuwa nikiimwagilia kila jioni pamoja na mchicha wangu. Sasa ni Agosti. Miche minne majani yake ya chini yamekuwa laini kama yaliyochemshwa, na ukiyagusa yanang'oka. Miwili niliyoitoa barazani na kuiweka juani imegeuka rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Mume wangu ana robo eka huko Chamwino ambayo hailimwi, na tulikusudia kuijaza alovera mvua zikianza. Mama mkwe wangu, ambaye anatumia vidonge vya sukari, ameshaanza kunywa maji ya majani hayo kila asubuhi. Naomba unielekeze namna ya kuutunza mmea huu mpaka utufae.

Jibu: Ndugu msomaji, nitaanza na mwisho wa swali lako, kwa kuwa miche inaweza kusubiri siku mbili tatu lakini jambo la mama mkwe wako halifai kusubiri. Kwa heshima zote, mwombeni asimamishe kunywa maji hayo mpaka atakapozungumza na daktari au muuguzi wa kliniki anakochukulia dawa. Jani la mshubiri, ambalo wengi wetu sasa tunaliita alovera, lina vitu viwili vinavyokaa jirani sana lakini kazi zake hazifanani. Katikati pana ute mweupe unaoteleza, ambao zaidi ya asilimia 98 yake ni maji. Chini kidogo ya ganda la kijani pana mirija myembamba yenye utomvu wa manjano, na utomvu huo ndio shubiri yenyewe, ile ambayo bibi zetu waliipaka kwenye chuchu mtoto alipokataa kuachishwa ziwa. Ndani yake mna aloini, kemikali inayoharisha kwa nguvu. Anayekatakata jani zima, akaliloweka usiku na kunywa maji yake asubuhi, anakunywa utomvu huo pamoja na ute, atake asitake.

Kuharisha kwa siku nyingi kunampotezea mtu maji na madini ya potasiamu, na hilo ni hatari kwa mzee, hasa akiwa anatumia vidonge vya moyo au vile vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo. Kwa mwenye kisukari lipo jambo la pili. Zipo tafiti zinazoonyesha kwamba mshubiri ukinywewa unaweza kuteremsha sukari katika damu, na watu huipokea habari hiyo kwa furaha bila kuifikiria mpaka mwisho: ikiwa vidonge tayari vinaiteremsha, na mmea nao ukaiteremsha, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, jasho likamtoka mgonjwa, akatetemeka na hata kuzimia. Kipimo cha maji ya majani hakijulikani na hubadilika kutoka jani hadi jani, kwa hiyo hata daktari akitaka kupunguza vidonge hawezi kujua apunguze kiasi gani. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dawa za kulainisha choo zilizotengenezwa kwa utomvu wa mshubiri ziondolewe katika dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu watengenezaji hawakuwa wameleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, nalo limeiweka dondoo ya jani zima katika kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasipewe kabisa.

Najua si rahisi kwa mkamwana kumkataza mama mkwe kitu alichokianza kwa imani. Mwachie mume wako alizungumze, au siku ya kliniki mpelekeni na chupa yenyewe ili muuguzi aione na kusema mwenyewe. Neno la muuguzi katika jambo kama hili hupokelewa vizuri kuliko letu.

Matumizi ya juu ya ngozi ni habari tofauti. Ute safi uliooshwa utomvu unapoza vizuri ngozi iliyoungua kidogo kwa mvuke wa sufuria au kwa jua, na watu wengi hawadhuriki nao, ingawa wapo ambao ngozi yao huwasha. Kwa hiyo ujaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono na kusubiri siku moja. Usiupake kwenye kidonda kirefu, kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, au mshono. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuatilia wanawake ambao vidonda vyao vya upasuaji vilikuwa vimefunguka, na waliopakwa jeli ya mshubiri walipona kwa wastani wa siku 83, wakati waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida walipona kwa siku 53.

Sasa twende kwenye ndoo zako. Kosa lililoiharibu miche minne liko wazi katika sentensi yako mwenyewe: umeimwagilia pamoja na mchicha. Mchicha una jani jembamba linalopoteza maji mchana kutwa, na usipoupa maji kesho yake umelala. Mshubiri umeumbwa kinyume chake. Mimea mingi hufungua matundu yake madogo ya kupumulia mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na kila yanapofunguka maji hutoka; mshubiri huyafunga mchana na kuyafungua usiku, kukiwa na ubaridi, ukaihifadhi hewa hiyo ndani ya jani kama tindikali na kuitumia kesho yake jua linapowaka. Ndiyo maana unaweza kuuona umesimama Oktoba kando ya njia ya Kongwa, majani yamekonda, na bado uhai upo. Gharama yake ni kwamba hukua polepole, na kwamba mizizi yake, ambayo ni minene na haiendi chini sana, inahitaji hewa baina ya chembe za udongo. Udongo wa ndoo ukilowa kila jioni, hewa hiyo inakosekana, mizizi inakufa, na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni vinaingia kwenye mizizi iliyokufa na kupanda hadi shinani. Jani laini lenye rangi ya maji ni dalili ya mwisho ya kazi iliyoanza chini wiki nyingi nyuma. Wengi wakiliona wanadhani mmea una kiu, wanaongeza maji, na hapo wanaumalizia.

Fanya hivi leo au kesho. Ing'oe miche yote minne, ikung'ute udongo, kisha itazame mizizi. Mzizi mzima ni mgumu kidogo na una rangi nyeupe au ya manjano hafifu. Uliooza ni wa kahawia nyeusi, unaponyeka, na mara nyingi unanuka. Chukua kisu kikali ulichokipangusa kwa spiriti, ukate mizizi yote iliyooza na majani yote yaliyolainika, ukikipangusa tena kila unapohamia mche mwingine. Kisha kagua shina. Ukikuta doa la kahawia katikati, endelea kukata kwenda juu, kipande kidogo kidogo, mpaka uone nyama safi isiyo na doa. Kama doa linakwenda hadi kwenye moyo wa mmea, ambako majani machanga yanatokea, huo hauponi. Utupe mbali na ile mingine. Iliyosalia ilaze kivulini penye hewa, juu ya gunia au gazeti, kwa siku tatu hadi wiki nzima, mpaka pale ulipokata pakauke na kuwa na gaga. Watu wengi huiharakisha hatua hii kwa huruma, kwa kuona mmea usio na mizizi umelala tu nje ya udongo. Uache ulale. Una maji ya kuutosha ndani ya majani yake, na usipofunga kidonda kwanza utaoza upya ndani ya siku kumi.

Kwa ndoo, toboa matundu matano au sita chini, kila moja la kupita kidole, na ukipata chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora zaidi kwa sababu ubavu wake nao unapitisha unyevu. Changanya mafungu mawili ya mchanga mnene wa korongoni, fungu moja la udongo mwekundu wa kawaida, na fungu moja la samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa mpaka haina joto wala harufu. Wako wanaofundisha kuweka tabaka la kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke. Mimi siwaungi mkono: maji huganda juu ya kokoto, ndani ya udongo, na kwa kweli unakuwa umeusogeza unyevu karibu na mizizi. Ukiwa na kokoto ndogo zichanganye na udongo wote. Panda mche uliokauka ndani ya udongo mkavu, shina lizame kiasi cha kusimama tu, uuegemeze mawe mawili kama unayumba, na usimwagilie kwa siku saba.

Baada ya hapo, kanuni ya maji ni kidole. Kichomeke udongoni chote. Ukihisi unyevu nchani, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha uache mpaka ukame mwingine. Kwa Dodoma, katika miezi hii ya upepo mkali na jua kavu, ndoo ya lita 10 itakuhitaji takriban mara moja kwa siku 10 hadi 14, na Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi, hata mara moja kwa wiki tatu. Masika yakiingia usimwagilie kabisa. Mwagilia udongo, usijaze maji kwenye moyo wa mmea. Wengi wetu huku tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na mshubiri huivumilia chumvi kiasi kuliko mboga nyingi, lakini ndani ya ndoo chumvi haina pa kwenda na baada ya miezi utaona utando mweupe juu ya udongo. Mvua kubwa ya kwanza ya Desemba, zitoe ndoo nje zioshwe na mvua hiyo kwa siku moja, kisha uzirudishe. Maji ya kufulia nguo yasitumike.

Ile miwili iliyogeuka rangi haiumwi. Ilikulia kivulini barazani, ukaihamishia ghafla kwenye jua la Dodoma, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari ambako jua la adhuhuri ni kali hata siku yenye upepo wa baridi. Jani hutengeneza rangi ya wekundu kujikinga, kama linavyofanya pia likipata ukame mrefu au ubaridi. Isogeze mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana kwa wiki mbili, kisha uirudishe juani kidogo kidogo, na majani mapya yatakuja na kijani chake cha kijivu; ya zamani huenda yakabaki na rangi hiyo bila madhara. Usiirudishe barazani moja kwa moja. Mshubiri uliokosa mwanga hulaza majani chini, yakawa membamba na hafifu, na huo hautakupa ute wa maana. Ili usichanganye dalili siku nyingine: jani lililokonda na kujikunja katikati kama mtaro ni kiu, laini na lenye kung'aa kama maji ni mafuriko, la wekundu lakini gumu ni jua au baridi.

Kabla hujafikiria Chamwino, hakikisha ulichonunua ni mshubiri unaokusudia. Sokoni huitwa alovera kila mmea wenye majani manene na miiba pembeni. Nimewahi kuonyeshwa kwa fahari kitalu kizima cha mkonge mchanga. Mkonge hujulikana upesi: kata jani, utaona nyuzi nyeupe ngumu badala ya ute, na maji yake huwasha ngozi vibaya. Kazi ni kubwa kidogo kwa mishubiri yetu ya porini, ambayo ni ndugu halisi. Upo unaoitwa kitaalamu Aloe secundiflora, wenye majani mapana ya kijani iliyokolea yenye kung'aa na meno ya kahawia, ambao kwa kawaida husimama peke yake bila watoto, na maua yake mekundu huelekea upande mmoja wa tawi. Upo mwingine, Aloe lateritia, wenye madoadoa meupe yaliyopangika kama mistari hata ukiwa mkubwa. Alovera yenyewe, Aloe vera, asili yake ni bara Arabu. Ikiwa changa huwa na madoa meupe lakini hupungua inapokua, majani yake husimama wima na kuwa ya kijani ya kijivu, huzaa watoto wengi pembeni, na maua yake kwa kawaida ni ya manjano. Tofauti hii ina uzito. Baadhi ya mishubiri ya Afrika Mashariki, kama Aloe ballyi, ina sumu inayolegeza misuli na inaweza kuua ikiliwa. Tena mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera, imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo kuisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali. Msije mkadanganywa na mtu kwamba mwaweza kuchuma ya porini na kumuuzia aipeleke ng'ambo.

Mshubiri wa porini una sifa yake kwa wafugaji wa kuku. Wafugaji wengi wa kanda hii huponda jani lake na kuliweka kwenye maji ya kunywa kuku kideri, ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Newcastle, kinapoingia, na wapo watafiti walioupima kwa ajili hiyo. Mimi nasema kuku wapewe chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu au minne. Kideri kikishaingia bandani, jani halitawaokoa.

Tukija kwenye robo eka. Ni takriban mita za mraba 1,000, na ukipanda kwa sentimita 75 kati ya mche na mche na mita moja kati ya mstari na mstari, inameza miche 1,300 na kitu. Msinunue miche hiyo. Anzeni na 50, au hata hiyo itakayopona nyumbani pamoja na watoto wake, kwa sababu mmea ukishakaa mwaka mmoja na nusu huanza kutoa machipukizi pembeni, na kila chipukizi lenye majani matatu au manne na urefu wa kama sentimita 15 linaweza kutenganishwa kwa kisu, likakaushwa siku chache na kupandwa. Jani peke yake halioti, huoza. Atakayekuuzia mbegu naye mwache, kwa kuwa machipukizi ni rahisi, ni ya haraka, na hukupa mmea ule ule wa mama yake. Katika miaka mitatu robo eka itajaa kwa gharama ya nguvu zenu tu, na mtakuwa mmejifunza kwa makosa ya miche 50 badala ya 1,300.

Neno la pili ni udongo, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi kwa ajili yenu, kwa kuwa sijaliona shamba. Chamwino kuna udongo mwekundu wa kichanga miinukoni, ambao ni mzuri kabisa, na kuna udongo mweusi wa mbuga mabondeni, unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama ulimbo masika. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600. Ni kidogo, lakini huja kwa mapigo makubwa, na pigo moja la Januari linaweza kusimamisha maji mbugani wiki nzima. Mkulima wa mpunga wa Bahi anajenga majaluba ili maji hayo yasimame. Nyinyi mnataka kinyume cha jaluba. Msimu wa mvua kubwa wa 2023 kuingia 2024 nilipoteza mistari mitatu yangu ya chini, ambayo nilikuwa nimeipanda bondeni kidogo kuliko nilivyojua ni salama, kwa sababu tu machipukizi yalikuwa yamebaki na sikutaka kuyatupa. Mistari ya juu, mita 20 tu kutoka hapo, haikupata hata jani bovu.

Pimeni hivi. Chimbeni shimo la urefu wa mkono kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, mlijaze maji jioni, yakiisha mlijaze tena. Asubuhi likiwa tupu, pandeni tambarare. Likiwa bado na maji, inueni matuta ya sentimita 30 kwenda juu na mpande juu yake, na kama udongo ni mweusi wa mbuga moja kwa moja, waachieni wengine walime mtama hapo, nyinyi mpande mahali pengine. Kwenye mwinuko, matuta yakate mteremko ili mvua isibebe udongo.

Kuhusu wakati, sikubaliani na mpango wenu wa kupanda mvua zikianza. Chipukizi lenye kidonda kibichi likikutana na dhoruba za Desemba na Januari lina nafasi ndogo. Subirini hadi mwishoni mwa Februari au katikati ya Machi, baada ya kile kipindi cha ukavu kinachotokea mara nyingi katikati ya msimu wetu, mpande mvua za mwisho zikiwa bado zina nguvu ya kuotesha mizizi na hazina nguvu ya kuozesha. Wekeni koleo moja la samadi iliyooza kila shimo, na tena kidogo kila mwaka mwanzoni mwa mvua. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi hulifanya jani liwe refu na la majimaji, lisilostahimili kitu. Kiangazi cha mwaka wa kwanza mpeni kila mche lita mbili hivi kila wiki tatu. Kuanzia mwaka wa pili mnaweza kuiacha ijitegemee, ingawa mavuno yatapungua.

Msitandaze nyasi kavu kati ya mistari. Ushauri huo ni mzuri kwa nyanya lakini kwa mshubiri unakusanya unyevu shingoni masika, na kiangazi unaalika mchwa. Mawe madogo yanafaa zaidi, na Chamwino hayakosekani. Ng'ombe na mbuzi hawaupendi uchungu wake, lakini baada ya mavuno mifugo ya kijiji huachiwa mashambani na kwato huvunja majani kuliko meno yanavyokula, kwa hiyo ua ni lazima. Ukipanda minyaa, acha nafasi ya mita mbili ili isigombee maji, na wanaoipogoa wajihadhari na maziwa yake machoni.

Kwa wadudu sitakaa sana. Vidung'ata, wale weupe kama pamba katika makwapa ya majani, waoshe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo. Jani likiota manundu yasiyo na umbo, kama uvimbe, hiyo ni kazi ya utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Usihangaike na dawa, kata sehemu hiyo na uichome moto, na mmea ukizidiwa ung'oe mzima.

Mavuno ya kwanza yasubiri mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, na kwa hali yetu ya ukame mimi husubiri miwili kamili. Chuma majani matatu au manne ya nje, yale marefu, mara tatu kwa mwaka, na usiache mmea na majani chini ya manane. Kata asubuhi mapema, karibu kabisa na shina, kisha uyasimamishe majani ndani ya beseni, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa muda wa kama saa moja ili utomvu wa manjano uchuruzike. Vaa nguo mbaya. Doa lake halitoki. Kisha osha, menya ganda, uoshe tena kipande cha ute mpaka kisiwe na manjano. Ute huu haukai: kwa joto la Dodoma huanza kuharibika siku hiyo hiyo, na ndani ya jokofu unakaa siku chache. Jani zima lisilomenywa linakaa muda mrefu zaidi, na ndivyo linavyofaa kupelekwa sokoni.

Hapo ndipo penye ugumu wa faida unayoiulizia. Nimewaona wakulima waliouziwa miche kwa bei ya juu na mtu aliyeahidi kuja kununua majani yote baada ya miaka miwili; miaka miwili ilifika, yeye hakufika. Biashara yake ilikuwa miche. Kwa hiyo kabla ya kupanua zaidi ya miche 50, zungumzeni na watengenezaji wa sabuni na mafuta walioko Dodoma mjini, mjue nani ananunua jani, kwa kilo ngapi na kwa bei gani, na kama anataka, mkataba uandikwe na usainiwe kabla hamjatoa fedha. Mkitaka kutengeneza sabuni wenyewe, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hufundisha, na vipodozi vya kuuza vinahitaji kupita TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula na vipodozi. Mkiuza kama dawa ya kunywa mnaingia chini ya sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na kwa sababu nilizozitaja mwanzoni ningependa msiingie huko.

Mmea mmoja kati ya ile miwili iliyo mizima uuache usichumwe hata jani. Utakapotoa ua, pengine katika mwaka wa tatu, litazame kabla ya kujaza robo eka yote. Likiwa la manjano, endeleeni. Likiwa jekundu na limeelekea upande mmoja, mlichonunua ni mshubiri wa porini. Ufanyeni pambo la ua wa mbele, na mtafute machipukizi kwa mtu ambaye mmewahi kuyaona maua ya mmea wake.